Malkia Upande wa Ndani

Bibi yangu alimvaa malkia kifuani miaka yote niliyomjua, na jina lake hakulijua. Alimwita "huyu mama". Alfajiri, kabla ya kwenda kuoga, alimvua akamtundika kwenye msumari wa mlangoni. Akitoka bafuni alimrudisha shingoni kwa uzi mweusi uliosokotwa, akamtumbukiza ndani ya gauni, kisha akajifunga kanga juu. Mtaa mzima pale Temeke, nyuma ya soko la Tandika, uliishi naye miaka zaidi ya arobaini bila kujua kwamba chini ya kanga ile kuna sura ya mtu.

Ilikuwa sarafu: reale ya fedha, pana karibu sentimita nne, imelehemewa kitanzi juu ili ipite uzi. Upande mmoja ina mwanamke, upande wa pili ina ndege wa vichwa viwili. Bibi aliivaa ndege akiwa nje, mwanamke akiwa ndani, amelala kwenye ngozi. Wakati wa kuswali aliivua, akaifunga kwenye pindo la kanga na kuiweka kando, maana haikumpendeza kusimama mbele ya Mola wake na picha mwilini. Akishatoa salamu na kumaliza dua, alilifungua pindo na malkia akarudi mahali pake.

Nilipokuwa mtoto niliwahi kumwona uso mara moja tu. Umeme ulikuwa umekatika, bibi ana homa, mimi nimekaa naye kitandani na kibatari kiko chini. Uzi uliteleza, reale ikageuka. Nikasogeza kichwa. Bibi akaifunika kwa kiganja, bila ukali.

"Mke mwenzangu," aliniambia, kama alivyozoea kuniita, "ndege ndiye wa nje. Huyu ni wa ndani."

Bibi alifariki mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Baada ya arobaini wazee walikaa kugawa alivyoacha: cherehani ya kukanyaga, masufuria, kabati, kanga nyingi ambazo nyingine hazikuwa zimekatwa pindo, na reale. Mjomba ni mwanamume peke yake, na mabinti ni watatu, mama yangu wa katikati. Kwa hesabu ya mirathi hayo ni mafungu matano, mjomba mawili, mabinti moja moja. Cherehani ina bei yake na masufuria yana bei yake. Hakuna aliyejua bei ya huyu mama. Mjomba akasema, kwa haki kabisa, apelekwe kwa sonara apimwe. Nikatumwa mimi. Sikumpeleka kwa masonara wa kwetu, kwa sababu wanatujua, na maneno yangefika nyumbani kabla sijapanda daladala. Nikampeleka Kinondoni.

Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na kabati la kioo lenye hereni na pete za ndoa. Fundi alikuwa mzee mwenye vidole vilivyokolea weusi kwenye ncha. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha kiganja. Nikamwekea.

Hakuitazama kwanza. Aliidundisha kwenye kioo, akaisikiliza.

"Reale ya Shamu," akasema. "Siku nyingi sijaishika. Ya nani?"

"Ya bibi."

"Mungu amrehemu." Alijua bila kuambiwa. Labda ndivyo vitu hivi vinavyomfikia, mkononi mwa mjukuu, baada ya arobaini.

Mizani ilisoma gramu 27.4 pamoja na kitanzi. Reale hii ilipotoka kiwandani ilikuwa na gramu 28 na ushei, na kitanzi kiliongezwa baadaye. Kilichopungua kilisuguliwa kidogo kidogo na gauni, jasho, sabuni na ngozi ya wanawake walioivaa. Kisha fundi akanipa kioo chake cha kukuzia, kile anachokibana jichoni, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mama yule uso kwa uso, mchana, hakuna aliyemfunika kwa kiganja.

Ni mtu mzima. Shavu limejaa, kidevu kimeshuka na kufanya cha pili chini yake, shingo nene, macho yanatazama kulia. Pua imelika, imekuwa bapa. Nywele zimefungwa taji dogo lenye lulu, na nyuma ya kichwa unashuka mtandio mpaka mgongoni. Begani, pale vazi linapokutana, amebandika bruchi ya duara iliyozungukwa na lulu, kila lulu ni nukta ndogo iliyoinuka. Nilijaribu kuzihesabu. Za upande wa juu zilionekana, za chini zilikuwa zimefutika, na hapo kidole changu kilipita kama kwenye jiwe la mtoni. Kitanzi cha sonara wa zamani kimekaa juu ya utosi wake na kuziba herufi mbili tatu za cheo chake. Huyu ni malkia aliyevaa kito, naye mwenyewe akageuzwa kito cha mwingine.

Jina lake ni Maria Theresa. Alizaliwa Vienna mwaka 1717, akarithi milki ya Austria mwaka 1740 akiwa na miaka 23, akazaa watoto 16. Mumewe, Francis, alifariki mwaka 1765, naye akavaa nguo za msiba na hakuzivua tena mpaka alipokufa mwenyewe tarehe 29 Novemba 1780. Mtandio ule wa kwenye sarafu ni wa ujane. Niliposoma hilo nilinyamaza muda mrefu. Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyoamriwa, akatoka, lakini rangi ya kanga zake haikurudi kuwa ile ya zamani. Babu alikuwa ametangulia miaka 31 kabla yake. Wajane wawili walilala kifua kwa kifua miaka yote hiyo, na sisi wengine tunazunguka uani tukidhani bibi anaishi peke yake.

Sarafu yake ilikuwa imeshaenea kabla hajafa. Wafanyabiashara wa Ulaya waliipeleka Uturuki na Misri, ikashuka Bahari ya Shamu kununua kahawa ya Yemen, ikavuka kwenda Uhabeshi, ikafika Oman na Unguja. Watu wa njia hiyo walizoea uso wake kuliko walivyozoea uso wa mfalme yeyote wao. Walihesabu lulu za bruchi, walitazama mtandio, na sarafu ambayo alama zake hazikuonekana sawasawa waliikataa. Kwa hiyo malkia alipokufa, viwanda havikuthubutu kumbadilisha. Viliendelea kumchapa vilevile, mzee, mjane, na mwaka uleule wa 1780. Vienna walimchapa, Venice, Milan na Prague wakamchapa. Mwaka 1935, Mussolini alipokuwa anajiandaa kuivamia Uhabeshi, alichukua haki ya kumchapa Roma ili awe na fedha ambayo watu wa kule wangeikubali. Waingereza nao wakamchapa London, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Bombay. Kiwanda cha Vienna kinamchapa hadi leo. Mamia ya mamilioni ya sarafu zimetoka, zote zikiwa na mwaka wa kifo chake.

Ndiyo maana hakuna njia ya kuutazama mwaka ule na kujua ya bibi ilitoka lini. Mwaka kwenye reale hausemi umri wake. Unasema tu siku ambayo uso uliacha kuzeeka.

Kwetu pwani iliitwa reale ya Shamu, na haikuwa peke yake. Ilikuwepo reale ya mzinga, ya Hispania, yenye nguzo mbili ambazo wazee wetu walizitazama wakaona mizinga. Nalipenda jina hilo. Kule Hispania nguzo zile zina hadithi yake ndefu ya kale, lakini aliyesimama forodhani Unguja na kuona merikebu zikiingia aliona alichokijua. Bahari ilikuwa imemfundisha kwamba fedha na mzinga huja pamoja.

Na sultani wetu? Seyyid Barghash alipochapisha reale yake mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, aliweka maandishi ya Kiarabu peke yake. Pesa zake za shaba ziliwekwa mizani. Uso hapana, kwa sababu ya dini. Kwa hiyo mtu wa Unguja, Bagamoyo au Kilwa aliweza kuzeeka bila kuona sura ya mtawala wake mwenyewe kwenye fedha, lakini sura ya mjane wa Vienna aliijua mpaka lulu za begani. Baadaye zikaja nyuso nyingine. Rupia ya Bara Hindi ilikuja na Malkia Victoria. Kuanzia mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani ikaleta rupia yenye Kaisari Wilhelm wa Pili, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu. Kuanzia 1921 shilingi ya Waingereza ilimleta Mfalme George, na nyuma yake simba. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere akakaa mahali pao wote, na nyuma yake vikakaa vitu vya nyumbani: mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye hamsini, mwenge kwenye shilingi.

Fundi aliniambia kwamba wanaokuja kwake leo wanataka pauni. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza, karati 22, gramu karibu nane, yenye Victoria au George upande mmoja na mpanda farasi anayechoma joka upande wa pili. Wakwe huitaka kwenye mkufu wa bibi harusi, wengine huivaa pete. Wanaoshindwa kununua hukodi kwa siku ya shughuli. Sijaona mtu Kinondoni akimtazama Victoria kama malkia. Humtazama kama ushahidi kwamba dhahabu ni safi, na kwamba bibi harusi hakuolewa mikono mitupu.

Huko Ulaya sura ndogo ya mfalme ndani ya kito ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Ilichorwa kwa mkono na fundi mwenye brashi ya nywele chache, ikafunikwa kioo, ikazungushiwa almasi, akapewa balozi au jemadari. Kuivaa ni kusema: mimi ni wa huyu. Malkia Elizabeth wa Kwanza alimpa baharia wake Francis Drake kito cha namna hiyo, na mara nyingi huonyeshwa London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Ukikifungua, ndani yumo malkia kama alivyochorwa na Nicholas Hilliard. Ukikifunga, juu ya kifuniko kuna jiwe lililochongwa vichwa viwili vya pembeni, cha mtu mweusi mbele na cha Mzungu nyuma yake. Malkia ana jina, mchoraji ana jina, baharia ana jina. Mtu mweusi hana. Na Drake alipokuwa kijana alisafiri na jamaa yake John Hawkins kwenye merikebu zilizobeba watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Picha ya kito kile niliifungua kwenye simu nikiwa kwenye daladala, tumekwama kwenye foleni, na sikuweza kuendelea kuitazama. Nikaifunga simu, nikatazama dirishani.

Hilliard alichora juu ya ngozi laini. Miaka mia na zaidi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 18, mwanamke wa Venice aitwaye Rosalba Carriera alianza kuchora sura ndogo juu ya pembe ya ndovu, na wachoraji wa Ulaya nzima wakamfuata. Pembe ilikatwa vipande vyembamba mpaka mwanga ukapenya. Rangi ya maji ikipakwa juu kwa nukta nukta, pembe iliyo chini huonekana kama ngozi yenye damu. Shavu la mfalme linapong'aa katika michoro ile, si rangi peke yake inayong'aa. Ni pembe.

Na katika karne ya 19 hakukuwa na bandari ya Afrika Mashariki iliyosafirisha pembe nyingi kuliko Unguja. Zilitoka bara, Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mabegani mwa wapagazi, miezi mingi ya kutembea mpaka Bagamoyo au Kilwa Kivinje. Zilipendwa kwa ulaini wake, kwani hazikupasuka chini ya msumeno. Pwani zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16, na bei ikatajwa kwa reale. Zikapanda jahazi kwenda Bombay, zikapanda merikebu kwenda London na Marekani, zikawa vishikio vya visu, vifunguo vya piano, mipira ya biliadi, na vipande vile vyembamba vya kuchorea sura za wakubwa. Malkia Victoria alikuwa na mchoraji wake wa kazi hiyo, William Ross, aliyemteua mwaka 1837. Reale yenye malkia mmoja ilishuka pwani kununua pembe, na pembe ikapanda Ulaya kuwa uso wa malkia mwingine. Mpagazi aliyeibeba kati ya safari hizo mbili hakuchorwa popote.

Afadhali hesabu hizi zingekuwa za pembe tu.

Barabara inayopita kwetu inaitwa Kilwa Road. Bibi alikuja nayo kutoka Kilwa Kivinje akiwa ameolewa, juu ya lori, katika miaka ambayo lori lililala njiani mvua ikinyesha. Mama yake alikuwa wa Kivinje, na bibi yake pia aliishi na kufia huko. Reale ilikuwa ya huyo wa mwisho, ambaye bibi alimtaja kwa neno moja tu, Bi Mkubwa. Kila nilipouliza Bi Mkubwa aliipata wapi, jibu lilikuwa "alipewa". Siku moja, tukichambua mchele, nikauliza tena, na bibi, labda kwa kuchoka na mimi, akaongeza maneno mawili.

"Alipewa na waliomleta."

"Walimleta kutoka wapi, bibi?"

"Bara." Akapuliza makapi. "Mchele huu una mawe, mke mwenzangu. Tazama vizuri."

Nilitazama mchele. Nilikuwa na miaka kama kumi na tano na sikujua nilichoambiwa. Pwani yetu haisemi jambo hilo kwa mdomo ulio wazi. Watu walichanganyika, wakaoana, wakaswali safu moja, na adabu ya kuishi pamoja ikawa kutouliza mtu babu zake waliingiaje mjini. Nimekua naiheshimu adabu hiyo. Lakini tangu nimtazame huyu mama kwa kioo cha sonara, nauliza.

Mwaka 1776, miaka minne kabla ya ule ulioandikwa kwenye reale, Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Bei iliandikwa: reale ishirini kwa kila mtu. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa mlango mkuu ambao kupitia kwake watu wa nchi za Ziwa Nyasa walipelekwa Unguja. Mwezi Juni mwaka 1873 Barghash, akibanwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ile baharini, na soko la Unguja likafungwa. Bahari ilipozibwa, misafara ikashika nchi kavu. Iliwapitisha watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, ikavuka Rufiji, ikapita jirani na mji huu wetu ambao Sultani Seyyid Majid alikuwa ameanza kuujenga miaka ya 1860 na kuuita Dar es Salaam. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyetembea njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, aliwahesabu barabarani maelfu katika mwezi mmoja.

Mimi hupanda gari Mbagala kila asubuhi. Mwendokasi sasa ina njia yake, zege jeupe katikati ya barabara. Vijana wanauza maji na karanga, akina mama wameshika vikapu vya samaki wa Feri. Tangu nisome habari ya Elton siwezi kupita pale bila kuwaza watu wengine, wakielekea upande uleule wa mjini ninaoelekea mimi.

Ukingo wa reale una maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, yamezunguka duara zima. Yaliwekwa ili mtu akikata ukingo na kuiba fedha ajulikane. Maneno ni mawili na kiunganishi: *Iustitia et Clementia*. Haki na Huruma, kaulimbiu ya Maria Theresa. Bibi alikuwa na tabia, akikaa kimya jioni, ya kuingiza mkono ndani ya gauni na kuizungusha reale ukingoni kwa kidole gumba, polepole, kama anayehesabu tasbihi. Kidole chake kilizipita herufi zile zote kwa miaka, na hakuna aliyemsomea. Huenda na kidole cha Bi Mkubwa kilizipita. Huenda na kidole cha aliyehesabu malipo Kilwa, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, haki na huruma, haki na huruma, mpaka hesabu ikatimia.

Sidai kwamba sarafu hii ndiyo. Mahari nayo ililipwa kwa reale, na samaki, na kodi ya nyumba. Mtoto aliyeletwa kutoka bara na kufika kwa watu wenye imani aliweza kupewa reale ya kuvaa siku ya kuozwa, kwa mapenzi. Yote mawili yawezekana, hata kwa mtu mmoja. Lakini Bi Mkubwa aliigeuza. Kati ya wanawake wote walioivaa, yeye ndiye aliyelehemesha kitanzi, na ndiye aliyefundisha ndege akae nje. Kito cha mfalme kilitengenezwa kionekane, kitangaze mvaaji ni wa nani. Yeye alimtia malkia ndani, gizani, penye jasho, akampa kazi ya kukaa na moyo wake, na wala hakumtangazia mtu kuwa ni wa nani. Alipokufa akamwachia bintiye, na bintiye akamwachia bintiye. Hakuna cheti cha kuzaliwa cha mwanamke yeyote kati ya hao. Hakuna kaburi lenye jina. Kipo kitanzi.

Bibi hakupenda kupigwa picha. Kwenye harusi za wajukuu alikuwa akijificha jikoni hadi mpiga picha aondoke. Picha yake iliyobaki ni moja, ile ya kitambulisho cha taifa, ndogo kama kucha ya kidole gumba, aliyopigwa kwa kulazimika. Kwenye arobaini binamu zangu waliikuza wakaichapa kwenye fulana nyeupe, kama wanavyofanya watu wengi mjini siku hizi, na tukaivaa wote vifuani. Ilipokuzwa uso ulitoka na ukungu, macho hayaonekani vizuri. Mama aliivaa fulana ile mara moja, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya kabati.

Pale Kinondoni nilikitoa kitambulisho kwenye mkoba, nikakiweka kwenye kioo kando ya reale. Sijui kwa nini nilikuwa nacho. Nadhani hakuna aliyekumbuka kuniomba nikirudishe. Nyuso zilikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Wote wawili shavu limejaa, kidevu cha pili, mtandio umeshuka nyuma ya kichwa. Mmoja anatazama kulia, mwingine anatutazama sisi, amekasirika kidogo kwa kuambiwa asisogee.

Fundi alizitazama zote mbili muda mrefu.

"Ukitaka," akasema, "nakutengenezea kifuniko cha fedha nyuma. Picha ya bibi inakaa ndani. Wanafanya hivyo wengi."

Nilitamani kusema ndiyo. Nikamwambia hapana, bibi hakupenda picha. Akatikisa kichwa, akaelewa.

Kisha akanipa bei. Fedha haina thamani kama dhahabu, akaeleza, na hii imelika, na kitanzi ni mchanganyiko. Fungu la mjomba lingenunua kilo chache za unga na sukari, la mama lingenunua nusu yake. Akasema nikimwachia ataiyeyusha nyekundu kama kaa, na usiku huohuo itakuwa bangili mbili nyembamba za mtoto. Hakuisema kwa ubaya. Ndiyo kazi yake, na reale nyingi zimekwenda njia hiyo tangu zamani. Kikuku na mtali, kipini na kisanduku cha hirizi, vyote vilivyometameta kwenye mwambao huu wakati wa mababu vilikuwa kwanza uso wa huyu mama kwenye kijiko cha sonara, ukiyeyuka.

Nilirudi Temeke na bei, nikaitaja mbele ya wazee. Kikao kikanyamaza. Mjomba akainamisha kichwa, akasema kumbe. Mama akasema ataacha fungu lake la cherehani, la kabati na la masufuria, achukue reale. Shangazi yangu mkubwa wa upande wa baba, ambaye hakuwa na fungu lolote na alikuja tu kusikiliza, akaanza kulia. Mjomba akasema cherehani ni kubwa mno kwa reale, mama achukue na masufuria. Wakabishana hivyo kwa muda, kila mmoja akijaribu kumpa mwenzake zaidi, na hakuna aliyetaja fedha tena.

Kitanzi kilikuwa kimelika na kubaki wembamba wa uzi, kwa hiyo wiki iliyofuata nilikwenda tena Kinondoni. Nilimwomba fundi asiisugue, asiing'arishe, aweke kitanzi tu. Alikata waya mpya, akaupinda kwenye koleo, akawasha moto wake mdogo wa buluu. Nilitazama utosi wa malkia ukiwa mwekundu, kisha mweusi, kisha ukatumbukizwa kwenye maji ukafoka. Alikishika kitanzi kwa koleo, akaniuliza akigeuze vipi ili uzi ukae sawa, yaani mbele ni upi.

"Ndege," nikamwambia.

Nilifika nyumbani magharibi. Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, mikono imejaa. Akainama, nikamvika. Reale ilikuwa ya baridi, akashtuka, akavuta pumzi. Kisha akaendelea kukuna.